SOMO LA KIINGEREZA: NENO "NOURISH" NA NDUGU ZAKE
Kulisha, kutegemeza, kulea: maneno yanayofanana lakini hayalingani



Katika toleo hili tunaendelea na somo la Kiingereza kwa ajili ya familia zetu. Hapa Uganda tulipopokelewa, watoto wetu wanasomeshwa kwa Kiingereza, kadi ya kliniki imeandikwa kwa Kiingereza, na hata mahojiano ya ofisini yenye mkalimani, mwisho wake huandikwa kwa Kiingereza. Si vema mtu atembee na karatasi mfukoni yenye maneno juu yake mwenyewe, naye asijue yanasema nini.

Leo tutajifunza kitenzi kimoja, "nourish", pamoja na ndugu zake: "feed", "sustain", "nurse", "nurture", "foster" na "provide". Sisi kwa kawaida tunayatafsiri yote kwa maneno mawili tu, kulisha na kutunza. Lakini kila moja lina kazi yake. Anayejua tofauti zake ataweza kumweleza nesi hali ya mtoto wake, atajaza fomu vizuri zaidi, na atayasoma upya maandiko ambayo amekuwa akiyasikia tangu utoto.

Tafadhali uwe na Biblia karibu, na mwenye mtoto mdogo awe na kadi ya kliniki mkononi.

1. NENO LIMETOKA WAPI

Tuanze na matamshi. Huandikwa "nourish", lakini hutamkwa "narish". Usiongeze "i" mwishoni kama tulivyozoea. Wakati uliopita ni "nourished", nalo hutamkwa "narisht".

Ndugu zetu waliosoma katika shule za Congo na Burundi watalitambua mara moja. Ni jamaa ya "nourrir" na "nourriture" ya Kifaransa, na ya "nourrisson", yaani mtoto mchanga anayenyonya. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa miaka mingi baada ya hapo maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza. "Nourish" ni mojawapo. Mizizi yake iko katika Kilatini, katika neno "nutrire", maana yake kunyonyesha, kulisha na kulea. Katika mzizi huo huo zimeota "nurse", "nursery", "nurture" na "nutrition". Kwa hiyo ukilisikia neno hili, kumbuka kwamba chanzo chake ni mama na mtoto aliye kifuani.

"Feed" ni neno tofauti. Hilo ni la Waingereza wenyewe tangu zamani, na ni ndugu wa "food", yaani chakula. Hubadilika hivi: leo "feed", jana "fed". Usiseme "feeded".

Tofauti kubwa ni hii. "Feed" huangalia mkono unaotoa na mdomo unaopokea. "Nourish" huangalia mwili baada ya kupokea: je, umekua? Umepata nguvu? Tazama sentensi hizi mbili:

"The mother feeds the child." Mama anamlisha mtoto. Sentensi hii ni kweli hata kama sahani ina posho tupu na chumvi.

"The food nourishes the child." Chakula kinamjenga mtoto. Sentensi hii ni kweli tu kama mtoto anakua.

Ya kwanza inahitaji kijiko. Ya pili inahitaji ushahidi.

2. KUSHIBA NA KUJENGWA NI VITU VIWILI

Sisi tuliotoka Kivu tunaujua ugonjwa wa bwaki. Mtoto anakula kila siku, tumbo limejaa, wala halii njaa. Lakini miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na laini, uso unajaa, na mtoto hataki tena kucheza. Waganga wa hospitali huuita kwashiorkor. Jina hilo lilitolewa kwa dunia na daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 aliandika katika jarida la madaktari akilitumia jina alilolisikia kwa Waga wenyeji, nalo ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Mtoto ameondolewa kwenye titi kabla ya wakati wake, akapewa uji wa nafaka tupu. Amehamishwa mahali pake pa kulishwa, na hapo alipohamishiwa anashiba bila kujengwa.

Kwa Kiingereza mtoto huyo tunasema: "He is fed, but he is not nourished."

Sasa chukua kadi ya kliniki. Maneno haya huonekana mara nyingi:

"Well-nourished": amelishwa vizuri, ana afya.
"Undernourished": anapata chini ya kile mwili unachohitaji.
"Malnourished": lishe yake si nzuri, ana utapiamlo.
"Moderate": wa kiasi cha kati. "Severe": mkali, wa hatari.

Ukiona herufi M.A.M., ni utapiamlo wa kati. Ukiona S.A.M., ni utapiamlo mkali, na usikae nyumbani kungoja zamu ijayo. Ule utepe wanaouzungusha kwenye mkono wa mtoto, kuanzia miezi 6 hadi kabla hajafikisha miaka 5, husomwa hivi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani hatari; kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Nesi pia hubonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Shimo likibaki, huo ni uvimbe, na kwa Kiingereza huitwa "oedema", hutamkwa "idima". Mtoto mwenye uvimbe huo katika miguu yote miwili huhesabiwa kuwa mgonjwa sana, hata kama utepe umeonyesha kijani.

Hapa ndipo lugha inapoweza kumsaidia mtoto au kumchelewesha. Tuseme nesi anauliza: "Is the child feeding well?" Mama anafikiri: ndiyo, anakula posho mara tatu. Anajibu "Yes", na nesi anaandika. Mama hakudanganya, lakini jibu lake halikumwambia nesi jambo alilohitaji kulijua. Akina mama, na akina baba mnaowapeleka watoto, jifunzeni sentensi hizi nne kwa moyo:

"He eats only posho." Anakula posho tu.
"He eats, but he is losing weight." Anakula, lakini anapungua.
"His feet are swollen." Miguu yake imevimba.
"He does not want to play." Hataki kucheza.

Kwa msichana badilisha "he" iwe "she", na "his" iwe "her".

3. "SUSTAIN": KUSHIKILIA KUTOKA CHINI

Neno la pili ni "sustain", hutamkwa "sastein". Katika Kilatini lilikuwa na maana ya kushikilia kitu kutoka chini kisianguke, kama nguzo inavyobeba paa. Kwa Kiswahili neno linalokaribia zaidi ni kutegemeza. Anayetegemezwa haanguki, lakini kukua ni jambo lingine.

Mgao wetu ni wa namna hii. Ulikusudiwa kutushikilia tusianguke. Nao umepungua: Aprili 2020 ulikatwa kwa asilimia 30, Februari 2021 ukabaki asilimia 60 ya kiwango kamili, na mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipungua sana, na wakimbizi wapatao milioni moja katika Uganda wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Kila nyumba inayosoma gazeti hili inajua hesabu hiyo ilivyofika kwenye sufuria.

Ndiyo maana tunahitaji kutofautisha maneno. Nguzo ikiwa nyembamba, mwenye nyumba huuliza ni nini kingine kinaweza kushika paa. Hapo tunarudi kwenye "nourish", kwa kuwa kujenga mwili hakutegemei wingi wa posho peke yake. Mahindi yana upungufu ambao maharagwe yanaujaza, na maharagwe nayo hukamilishwa na mahindi. Ndiyo sababu mbili hizo zikipikwa pamoja hujenga mwili kuliko moja peke yake. Lengalenga hukua haraka hata kwenye kiroba cha udongo mlangoni. Sombe ikitwangwa na kuchemshwa vya kutosha ni chakula kizuri. Kijiko cha karanga zilizosagwa au cha unga wa ndagala katika uji wa mtoto kinafanya kazi ambayo bakuli la pili la uji mwepesi haliwezi, maana tumbo la mtoto ni dogo, na likijaa maji hakuna nafasi ya chakula. Mtoto mchanga kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanamtosha. Baada ya hapo aanze uji mzito na vyakula laini, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi.

Siandiki haya kana kwamba karanga zinaokotwa njiani. Najua bei yake. Ila pale shilingi inapopatikana, ni vema tujue ipi inatushikilia na ipi inatujenga.

Neno lingine la ukoo huu mtalisikia sana katika mikutano ya mashirika: "sustainable". Maana yake ni jambo linaloweza kujishikilia lenyewe baada ya msaada kuondoka. Wakiuliza, "Is your project sustainable?", wanataka kujua kama mradi wenu utaendelea bila wao. Jibu kwa kueleza mbegu mtaipata wapi msimu ujao, na nani atalipa.

4. "NURSE", "NURTURE" NA "FOSTER"

"Nurse" tunamjua kama nesi wa hospitali. Lakini kama kitenzi, "to nurse" ni kunyonyesha, au kumtunza mgonjwa. "A nursing mother" ni mama anayenyonyesha. Wala haina maana kwamba mama huyo ni nesi. Katika foleni nyingi "nursing mothers" huitwa mbele. Ukisikia, simama uende, hiyo ni haki yako.

"Nursery" ni mahali pa watoto wadogo kabla ya shule ya msingi. Pia ni kitalu cha miche. Mkulima hapandi mbegu ndogo ya nyanya moja kwa moja katika shamba kali. Huilaza kwanza kitaluni, akaiwekea kivuli na kuimwagilia. Waingereza wameona kwamba mtoto na mche vinahitaji jambo moja.

"Nurture", hutamkwa "nacha", ni kulea. Linabeba chakula, tena linabeba mafundisho, adabu na upendo. Hapa Kiswahili chetu hakikosi utajiri: ulezi ni kazi ya kulea mtoto, na ulezi ni ile nafaka ndogo tunayompikia uji. Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hiyo ndiyo "nurture".

"Foster" ni neno la kutazama kwa heshima. Leo linatumika kwa familia inayompokea mtoto asiyekuwa na wazazi wake: "foster mother", "foster father", "foster child". Lakini katika Kiingereza cha zamani lilitokana na neno lenye maana ya chakula, na ni ndugu wa "food" na "feed". Maana yake, mama wa kupokea ni mama wa kulisha. Katika makazi haya kuna nyumba nyingi zenye mtoto aliyepotezana na wazazi njiani, na mama wa nyumba akasema, "Kaa, kula na wenzako." Siku atakapoandikwa katika karatasi za ofisi kama "foster mother", asidhani amepewa jina dogo. Ameitwa kwa kile alichofanya siku ya kwanza: aliongeza sahani.

5. MATUMIZI YA KUANGALIA

Haya yanachanganya watu wengi:

"I am fed up." Usilitumie baada ya kula! Halina maana ya kushiba. Maana yake ni nimechoka, nimechukizwa, sitaki tena. Mgeni akikukaribisha chakula ukamjibu hivyo, atadhani umemkasirikia. Ukishiba sema: "I am full, thank you," au "I have had enough, thank you."

"Feed on." Hutumika zaidi kwa wanyama. "Goats feed on grass", mbuzi hula majani. Kwa watu sema "We eat beans", au "We live on beans" ukitaka kusema kwamba maharagwe ndiyo chakula chetu cha kutegemea.

"Nourish" huenda mbali kuliko chakula. Huweza kusemwa juu ya udongo: "Manure nourishes the soil", mbolea hurutubisha udongo. Huweza kusemwa juu ya tumaini: "She nourished the hope of seeing her brother again", alilitunza tumaini la kumwona tena kaka yake.

Lakini kwa chuki Waingereza hupenda kusema "to nurse a grudge", yaani kunyonyesha kinyongo. Linganisha mambo hayo mawili. Tumaini linahitaji kulishwa, na kinyongo vilevile hakikui bila kunyonyeshwa. Kila jioni tunapokaa nje kuzungumza habari za nyumbani, kuna kimojawapo kinachopewa titi.

6. NENO MOJA LA KIEBRANIA

Sasa tufungue Biblia. Katika Agano la Kale kuna kitenzi kimoja cha Kiebrania, "kilkel", chenye maana ya kumkimu mtu, kumpa mahitaji yake aweze kuendelea kuishi. Wale waliotafsiri Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyotoka mwaka 1611, hawakupata neno moja la kutosha. Mahali pengine waliandika "nourish", pengine "feed", pengine "sustain". Tazameni ni akina nani wanaotajwa pamoja na kitenzi hicho:

Mwanzo 45:11 na 50:21. Yusufu anaahidi kumlisha baba yake, na baadaye ndugu zake na watoto wao. Hapa King James ina "nourish". Wanaolishwa ni jamaa iliyokimbia njaa Kanaani na kuingia Misri.

1 Wafalme 17:4. Kunguru wanaagizwa kumlisha Eliya karibu na kijito Kerithi. Hapa ni "feed". Eliya amejificha kwa sababu ya mfalme Ahabu.

1 Wafalme 17:9. Mwanamke mjane wa Sarepta anaagizwa kumlisha Eliya. Hapa ni "sustain". Eliya amevuka, yuko katika nchi ya Sidoni, si kwao.

2 Samweli 19:32. Barzilai, mzee wa miaka 80, alimkimu mfalme Daudi huko Mahanaimu. Daudi alikuwa amemkimbia mwanawe mwenyewe, Absalomu. Ukisoma sura ya 17 mwishoni utakuta orodha ya vitu vilivyoletwa: vitanda, mabakuli, ngano, shayiri, unga, maharagwe, dengu, asali, kondoo. Mmoja wa walioleta alikuwa Shobi, mtu wa Raba ya wana wa Amoni, si Mwisraeli.

Nehemia 9:21. Mungu aliwakimu Waisraeli miaka 40 jangwani. Hapa ni "sustain". Na mstari huo unataja jambo ambalo mama yeyote wa kliniki atalielewa: miguu yao haikuvimba.

Ruthu 4:15. Mtoto Obedi anatajwa kuwa atamtunza Naomi katika uzee wake. Hapa ni "nourisher", yaani mwenye kulisha. Naomi amerudi kutoka Moabu mikono mitupu.

Jamaa waliokimbia njaa, nabii aliyejificha, mfalme aliyekimbia vita vya nyumbani mwake, taifa lililoko jangwani, mama aliyerudi kutoka uhamishoni. Katika mistari hiyo yote, anayelishwa ni mtu aliyeng'olewa mahali pake, au aliyerudi baada ya kung'olewa. Ni neno lililotembea sana katika njia tunazozijua.

Tazameni pia wale wanaolisha. Yusufu aliingia Misri kama mtumwa, akapita gerezani. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, naye alikuwa akiokota kuni apike chakula cha mwisho yeye na mwanawe. Obedi alikuwa mtoto mchanga. Hakuna kati ya hawa ambaye mtu angemweka kwanza katika orodha ya wafadhili.

Hapo neno "provide" nalo linaeleweka. Katika Kilatini lilikuwa na maana ya kuona mbele. Yusufu aliona mbele: katika miaka 7 ya shibe sehemu moja ya tano iliwekwa akiba, hata miaka 7 ya njaa ilipofika, kulikuwa na chakula. Kuweka debe moja la mahindi kando wakati wa mavuno, badala ya kuuza yote siku ile bei iko chini kabisa, ndiyo "provide".

7. NANI MTENDA, NANI MTENDWA

Katika sarufi kila kitenzi cha namna hii kina mtenda na mtendwa. "We are fed" ni tunalishwa. "We feed" ni tunalisha. Sisi wakimbizi tumezoea kuandikwa katika sentensi ya kwanza. Katika ripoti nyingi tunahesabiwa, tunapimwa, tunalishwa, tunahamishwa. Si uongo, na tunashukuru nchi iliyotupa ardhi na watu waliotutumia chakula. Lakini sentensi hiyo ni nusu ya habari.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu husema methali hii wakicheka, kana kwamba mgeni anafukuzwa. Mimi naisoma vingine: jembe linamtoa mgeni katika hali ya kutendwa na kumfanya kuwa mtenda.

Kwa akina baba nina neno la pekee. Katika Waefeso 5:29 mtume Paulo anasema kwamba mtu huulisha mwili wake na kuutunza, na ndivyo mume anavyopaswa kumpenda mkewe. Katika Waefeso 6:4 anawaagiza akina baba kuwalea watoto wao. Katika Kiyunani kitenzi ni kile kile kimoja katika mistari yote miwili, "ektrepho". King James imeandika "nourish" katika ule wa kwanza na "bring up" katika wa pili. Kwa hiyo kazi hii haikuandikwa kwa mama peke yake, wala haikuandikwa kwa shirika. Baba anayeuza mahindi ya mgao na kurudi na harufu ya pombe, nyumba yake ina chakula katika karatasi tu. Na baba aliyepoteza mashamba yake Fizi au Masisi, ambaye leo anamwagilia lengalenga kwenye viroba vitano, anatimiza kitenzi kile kile alichotimiza alipokuwa na hekta tatu.

Mkijaza fomu ya kazi, ya mafunzo au ya kuhamishiwa nchi ya tatu, jizoezeni kuandika sentensi ambazo ninyi ndio watenda, mradi ni za kweli:

"I feed six people." Ninalisha watu sita.
"I grow vegetables and sell some." Ninalima mboga na kuuza kiasi.
"I foster two children." Ninalea watoto wawili wasio wangu.
"I nursed my mother until she died." Nilimuuguza mama yangu mpaka alipofariki.

Hakuna anayeweza kuyaandika hayo kwa niaba yenu kama hamkuyasema.

MAZOEZI

Jaza nafasi kwa neno moja kati ya haya: feed, nourish, sustain, foster, nursing.

1. "I ____ the chickens every morning."
2. "Beans and groundnuts ____ the body."
3. "She is a ____ mother, her baby is two months old."
4. "This small ration cannot ____ a family of eight."
5. "They ____ two children who lost their parents."

Majibu: 1 feed, 2 nourish, 3 nursing, 4 sustain, 5 foster. Katika sentensi ya 2 mtu anaweza pia kusema "sustain" na asikosee, lakini "nourish" inafaa zaidi, kwa sababu inazungumzia mwili kujengwa.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika chakula tulichokula wiki hii, ni kipi kilitushikilia na ni kipi kilitujenga?
2. Ni nani katika mtaa wetu ambaye mtoto wake ana dalili tulizozisoma, na nani atamsindikiza kliniki?
3. Mjane wa Sarepta alianza na konzi moja ya unga. Sisi tuna nini mkononi?
4. Katika mazungumzo yetu ya jioni, tunalisha tumaini au tunanyonyesha kinyongo?

Vijana wanaosoma sekondari, wasomeeni wazazi wenu sentensi za Kiingereza zilizo hapa kwa sauti, wazirudie mpaka zikae. Nanyi wazazi msione haya kufundishwa na watoto. Obedi naye alikuwa mtoto.

Bwana awape riziki ya leo, na awajalie kuwa riziki kwa mwingine. Tukutane katika toleo lijalo.